Keki Niliyokulisha kwa Mkono Wangu

Mpemba, Ijumaa alasiri, hapa mashineni

Naomi mwanangu,

Sikuulizi hali yako. Nimekuona asubuhi ukifagia uwanja huku unaimba, na kama si kile nilichokikuta baadaye, sasa hivi ningekuwa nimekaa hapa nikisikitika kama baba yeyote anayeagana na mtoto. Sina nafasi ya kusikitika. Nina hasira. Umeme umekatika tangu saa nane, mashine imenyamaza, wateja wameacha ndoo zao kwenye foleni wakarudi makwao, nami nimechukua daftari hili ili hasira niimalizie kwenye karatasi kabla hujarudi kutoka kanisani kuombewa safari. Nikikusubiri kwa mdomo nitakufokea, na sitaki kesho upande basi la Dodoma ukiwa na kelele zangu masikioni.

Mambo ya kufunga mlango, ya kuchagua marafiki na ya kupiga simu kila Jumapili, mama yako ameyasema wiki nzima mpaka nami nimeyakariri. Siyarudii.

Nilichokikuta ni hiki. Nilikuwa natafuta kamba ya kufungia godoro lako. Nikasogeza gunia la maharage kule stoo, na chini yake nikaona bahasha ya kaki. Ni barua ya daktari wa Mbeya, ile ambayo mama yako aliifuata safari mbili mpaka ikagongwa muhuri. Inawaambia watu wa chuo kwamba mwanafunzi huyu ana ugonjwa wa siliaki, ngano na shayiri zinamuumiza utumbo, wampe chakula kisicho na hivyo. Jumatatu mama yako alikuuliza iko wapi. Ulimtazama usoni ukasema, "Ipo, Mama, nimeichomeka kwenye faili la vyeti." Kumbe ipo chini ya maharage.

Nilikaa juu ya gunia lile. Hukuichana wala kuichoma, uliiweka tu mahali ambapo hakuna atakayeiona, ili ufike chuoni uwe kama wenzako, ule mandazi yao, unywe chai yao, asiwepo wa kukuuliza una nini. Nilikasirika. Halafu nikajiuliza mtoto huyu amejifunza wapi kuficha jambo la mwili wake, na jibu halikuwa mbali. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Umejifunza kwangu.

Kwa hiyo ngoja nikueleze yote, tangu mwanzo, maana mengine unayajua nusu na nusu nyingine nimekunyima mimi.

Ulizaliwa mwaka ule ule niliposimika mashine hii. Nilikuwa na majivuno ya kijana aliyepata kitu chake. Mpemba ilikuwa na mashine nyingine, lakini ya kwangu ndiyo iliyosaga lishe. Mahindi, ulezi, soya, karanga, na ngano niliyoifuata mwenyewe kwa wakulima wa milimani, kwa sababu niliamini ngano inamjaza mtoto mwili. Akina mama waliuita unga ule lishe ya Yohana, na kliniki walitambiana nao. Ulipofikisha miezi sita mimi ndiye niliyekukorogea uji wa kwanza. Mama yako alicheka akasema msagaji anataka kuonja kazi yake. Niliutia maziwa, ukanywa kikombe chote.

Ulipokaribia mwaka ukaanza kuharisha. Mstari wa kadi ya kliniki uliokuwa unapanda ukalala, kisha ukashuka. Tumbo likatangulia mbele, matako yakaisha, nywele zikawa nyepesi hata kusukwa hazisukiki. Watoto wa watu walinenepa kwa lishe yangu, wa kwangu akakonda. Watu wakasema mganga hajigangi, na niliwasikia.

Sasa, kwa mama yako kule Hasamba hawanywi maziwa. Babu yako akinywa nusu kikombe tu, kesho yake kahawa haichumwi. Ukienda kwao ni chai ya rangi asubuhi na jioni, na wenyewe wanajitania kwamba maziwa wamemwachia ndama. Bibi yako wa Chapwa, mama yangu, aliposikia hayo akapata jibu. "Yohana, umeoa damu inayokataa maziwa," aliniambia. "Mtoto kayatoa huko."

Nikalipokea jibu lile kwa mikono miwili. Nikalipeleka mpaka zahanati, na mganga wa pale akaniambia ni kweli, mwilini kuna kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa, kuna watu wakikua kinapungua, maziwa yanawachafua tumbo, na jambo hilo hurithiwa katika ukoo. Hakunidanganya. Lakini mimi katika maelezo yote yale nilibeba neno moja tu, hurithiwa, nikaja nalo nyumbani na kumtupia mama yako.

Nikakukatia maziwa. Na ili kufidia, nikakuongezea lishe. Soma tena hapo, Naomi. Nilikuondolea kitu ambacho hakikuwa na kosa kubwa, nikakuongezea kilichokuwa kinakula utumbo wako, vikombe viwili vikubwa kwa siku, nimesaga mwenyewe na kuchekecha mwenyewe. Wiki ya kwanza ulipata nafuu kidogo, nikatembea kifua mbele. Baadaye ukarudi kulekule, na mimi nikarudi kwa mama yako. Kila asubuhi nilimuuliza, "Tumbo la Hasamba limeamkaje?" Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili hakucheka, na mimi sikuacha, niliendelea na utani ule miaka kadhaa.

Hapo kati umechanjwa chale, umepelekwa kwenye maombi ya siku tatu bila kula, umevalishwa kamba kiunoni. Yote niliyaruhusu. Nasikia watu wakisema hatukujua, tulikuwa gizani. Wasiojua wapo na siwalaumu. Mimi sikuwa mmoja wao, na hapa ndipo penye nusu niliyokunyima.

Umeiona ile picha ukutani kwa Bibi, msichana mwenye gauni jeupe la kipaimara. Uliwahi kuniuliza ni nani, nikakwambia shangazi yako Jeni, alifariki mdogo. Ukaniuliza alikuwa na miaka tisa au kumi. Nikaitikia tu. Jeni alikuwa na miaka kumi na sita, Naomi. Alikuwa dada yangu mkubwa, na mimi mdogo wake nilimbeba mgongoni kumpeleka chooni. Tumbo mbele, miguu myembamba, nywele nyepesi, choo cheupe chenye harufu ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Alikufa mwaka ule ule wa kipaimara. Ulipokuwa na mwaka mmoja na nusu ulinichafua mapajani, nikainusa harufu ileile. Nilijua palepale kwamba ugonjwa wa Jeni umerudi. Nikamwita mama yako aje akuogeshe, nikaenda mashineni kusaga.

Ndiyo maana nakasirika ninapoandika. Sikukosa kujua. Nilikataa kujua, kwa sababu kama ni ugonjwa wa Jeni basi ni damu ya kwetu, na mimi nilikuwa nimeshawatangazia watu wote kwamba ni damu ya Hasamba.

Mama yako ndiye aliyekupeleka Mbeya. Ulikuwa na miaka tisa, darasa la pili kwa mara ya pili. Hakuniomba ruhusa, aliniambia tu, "Kesho naondoka na mtoto, ukitaka njoo." Nikaenda kwa aibu. Walikutoa damu, wakakupitisha mpira wenye kamera mdomoni mpaka ndani, na majibu mengine tukayasubiri wiki kadhaa. Daktari alikuwa mama mmoja mfupi, sauti ya chini, anaandika huku anauliza. "Baba anafanya kazi gani?"

"Nina mashine ya kusaga."

"Unasaga nini?"

Nikamtajia lishe yangu kwa fahari. Nilipofika kwenye ngano aliweka kalamu chini.

Alituelekeza pole pole. Habari ya Hasamba na maziwa ni ya kweli, alisema, na hata hapa hospitali nusu ya wafanyakazi wako hivyo, lakini huo si ugonjwa wa kumkondesha mtoto, na mtoto wa mwaka mmoja kimeng'enya chake kwa kawaida bado kipo. Cha huyu kilipotea kwa sababu utumbo wenyewe umeparuzwa na ngano. Mwili wake unaiona ngano kuwa adui, unapigana nayo, na katika kupigana unajiumiza wenyewe. Ukiondoa ngano, utumbo utapona na huenda hata maziwa akayapokea. Ukirudisha ngano, hata kidogo, hata kama tumbo haliumi, ndani kunaumia. Unaishiwa damu, mifupa inadhoofika, na huko mbeleni kuna mabaya zaidi. Halafu akauliza swali lake la mwisho, akitutazama wote wawili. "Ugonjwa huu nao hutembea kwenye ukoo. Kwenu kuna mtu aliyewahi kuwa hivi? Aliyeharisha sana, akadumaa, akafa mdogo?"

Mama yako alitafakari, akasema kwao hayupo. Kisha akageuka kunitazama. Alikuwa ameiona picha ya Jeni, aliwahi kusikia vipande vipande, alikuwa ananipa nafasi.

Nikasema, "Hakuna."

Ni neno moja, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo. Daktari akaandika hakuna. Akasema ingefaa ndugu wa karibu nao wapimwe, nikamjibu tutaangalia. Tukarudi nyumbani kwa basi, mama yako amegeukia dirisha mpaka Mpemba.

Tukaacha ngano nyumbani. Mama yako alitupa mpaka kifimbo cha kusukumia chapati. Ulezi wako na mahindi yako akaviosha, akavianika juu ya turubai jipya, akaniletea nisage. Na hukupona. Ulipata nafuu ya nusu nusu, wiki hii unacheza, wiki ijayo umelala. Mimi nikasubiri kosa litoke upande wa mama yako, na nilipochoka kusubiri nikalitengeneza. Nikamwambia anakupa mandazi kwa siri kwa sababu anashindwa kukuona unalia. Nilimwambia hapa mashineni, mchana, foleni imejaa. Nilisema, "Wewe ndiye unayemuua huyu mtoto."

Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mizani. Jioni ile akaenda kwao. Nikasema mtoto ni wa ukoo wangu, anabaki. Ulibaki na mimi miezi mitano, unakumbuka, na katika miezi hiyo mitano hapakuwa na mama wa kukupa mandazi kwa siri, na uliugua vilevile. Mtu mwenye akili angepiga hesabu hiyo wiki ya pili. Mimi nilikuwa nakukorogea uji wa ulezi kila siku kwa mkono wangu nikimlaani aliyeondoka.

Sisi wasagaji tuna desturi yetu. Mteja akimaliza, unazima, unagonga mashine mara tatu kwa rungu, unga uliobaki unashuka, ndipo unamwita anayefuata. Watu wanahesabu. Ukigonga mara mbili wanakuona mwizi wa unga. Nimegonga mara tatu maisha yangu yote, na nilipogonga mara tatu kabla ya kumimina ulezi wako niliamini mashine ni safi, kwa sababu hakuna aliyewahi kunilalamikia.

Aliyelalamika alitoka ng'ambo ya mpaka, Nakonde, mama mmoja mwenye kigenge cha chakula anayewauzia madereva wa malori. Alikuja Jumamosi moja amekasirika, ndoo kichwani. Kwao baba ni bashi, ugali ni nshima.

"Bashi Naomi, unga wangu umeufanya nini?"

"Nimekusagia mahindi yako, mama."

"Nshima yangu inavutika. Madereva wananiuliza leo umetupikia mkate? Kabla yangu ulimsagia nani?"

Nikakumbuka. Kabla yake nilimsagia mtu ngano. Nikamwomba asubiri. Nikazima, nikagonga mara tatu, halafu kwa mara ya kwanza nikafanya jambo ambalo hatufanyi. Nikafungua nati zote. Nikachomoa chujio, nikafungua ule mfuko wa kitambaa unaoning'inia, nikaugeuza ndani nje. Ulianguka unga wa kujaza bakuli. Unga wa kila mtu, wa miaka yote, umeganda kwenye mishono, na mweupe laini wa ngano ukionekana juu. Miezi yote ile nilikuwa nakusagia ulezi wako kupitia humo. Anayekulisha ngano kwa siri nilimpata, alikuwa ameshika rungu.

Nilikwenda Hasamba na mshenga yule yule aliyeniposea. Ilinipasa kusema kosa langu kwa mdomo wangu mbele ya wakwe, nikiwa nimesimama, na nikalisema. Nikaeleza mashine, mfuko, ngano. Babu yako akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kosa la kazi si dhambi, akaagiza chai ya rangi. Mama yako alinisindikiza nje. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba Naomi, umesema la mashine. Lile la Mbeya utalisema lini?"

Nikaingia ndani kuaga. Mama yako alirudi hivyohivyo, kwa ajili yako. Nikanunua mashine ndogo ya pili, ile ya pembeni ambayo haijawahi kuguswa na ngano, na ndani ya mwaka mmoja uliota mashavu. Miaka ikapita. Kila mtu akaona mambo yamekwisha, na mimi nikawaacha waone hivyo.

Sasa tuje Jumapili iliyopita, maana nasikia mpaka leo hujapona vizuri.

Mama yako alipika siku mbili ili chakula chote cha kukuaga uweze kukila wewe kwanza. Wali, maharage, nyama, ndizi, kachumbari. Hakuna aliyelala na njaa na hakuna aliyeuliza chapati ziko wapi. Halafu Bibi akaja na wamama wenzake wa kanisani, wanaimba, wamebeba keki imeandikwa jina lako kwa rangi ya waridi. Hakutuambia mapema, alitaka kutushangaza. Mshereheshaji, mtu asiyetujua hata majina, akatangaza kwenye spika, sasa baba atamlisha mwanawe. Simu zikainuliwa juu. Mama yako alikuwa jikoni anapakua.

Nilishika kile kipande na kijiti chake. Wewe ulinitazama. Nataka ujue nilikuelewa ulivyonitazama, ulikuwa unaniuliza. Ungeniona natikisa kichwa, ungefunga mdomo. Niliangalia watu, nikamwangalia mama yangu anavyopiga makofi, nikafikiria itanibidi kueleza, na nikieleza ataniuliza tangu lini na kwa nini, na ya Jeni yatafufuka mbele ya turubai zima. Nikanyoosha mkono. Ukafungua mdomo. Ukameza huku unatabasamu kwa ajili ya picha.

Usiku ule ulitapika, na siku tatu hukutoka chumbani. Mama yako alipoambiwa hakunifokea, na ningeona nafuu kama angenifokea. Jumatatu ile, ungali kitandani, wewe ukatudanganya kuhusu barua ya daktari. Ulikuwa umeshaona namna watu wazima wanavyofanya.

Nimekukasirikia, ndiyo, na hasira hiyo sikuondolei. Una miaka kumi na tisa, unakwenda kusomea ualimu, utakuja kusimamia watoto wa watu wenye magonjwa yao, na unaanza kwa kuficha lako chini ya gunia. Lakini nilipoinuka pale stoo niliona siwezi kukudai wewe useme wakati mimi nina deni la neno moja la miaka kumi. Nikaita bodaboda. Mama yako aliniuliza nakwenda wapi, nikamjibu, "Kulisema lile la Mbeya." Alisimama mlangoni ameshika ungo.

Bibi nilimkuta anabangua karanga barazani, hapo Chapwa. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kile kigoda chake, nikaitazama ile picha kupitia mlangoni. Nikamwambia, "Mama, ugonjwa wa Naomi haukutoka Hasamba. Ni ule wa Jeni. Ni wa kwetu. Nilijua tangu mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu. Daktari aliniuliza, nikakana."

Aliendelea kubangua. Nikadhani hajasikia, nikarudia. Nikamweleza ngano inavyofanya, na kwamba keki ile ilikulaza siku tatu.

Ndipo akaacha. Akaniuliza, "Yohana, Jeni nilikuwa nampa nini alipokuwa mgonjwa?"

Nilikumbuka. Wewe hukuwepo, lakini unajua sisi mgonjwa tunampelekea nini. Mkate. Ugali ni mzito kwa mgonjwa, tunasema, mpe mkate na chai. Bibi yako alikuwa anavuka mpaka kwenda Nakonde kwa miguu, asubuhi na mapema, ili Jeni apate mkate wa moto. Alivyozidi kukonda ndivyo mama alivyozidi kuufuata. Ulikuwa chakula chake cha mwisho.

"Nilikuwa nampa mkate," alijijibu mwenyewe. "Kila siku. Na Naomi nikamletea keki." Halafu akanitazama kwa macho ambayo sijawahi kutazamwa nayo, hata nilipokuwa mtoto mtundu. "La Jeni sikulijua, hakuna aliyelijua. Lakini hili la Naomi wewe ulilijua. Mbona hukuniambia? Ulitaka niwalishe wote wawili?"

Nilidhani nailinda heshima yake. Nilidhani mambo ya ukoo yakinyamaziwa yanakufa. Kumbe aliyenyamaziwa alibaki na mapenzi yake yote na hana habari, na mtu mwenye mapenzi asiye na habari atakulisha sumu kwa kijiko cha fedha na kukufuta mdomo.

Hilo ndilo ninalotaka uondoke nalo, na sina mengine. Huko chuoni hutakutana na adui. Utakutana na msichana wa kitanda cha jirani aliyetoka nyumbani kwao na ndoo ya visheti, atakuamsha ule naye. Utakutana na mpishi anayekupenda, anakuongezea. Hakuna ubaya wowote kwao. Usiwafanye kama nilivyomfanya mama yangu, wakulishe halafu siku moja wajue. Waambie siku ya kwanza, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyosema jina la kijiji chake. Aliyekucheka mwache acheke, kicheko hakiparuzi utumbo. Na wakikuuliza umeupata wapi ugonjwa huo, sema ni wa kwetu, wa kina Yohana wa Chapwa, shangazi yangu alikuwa nao. Mtaje kwa jina. Hajatajwa miaka mingi.

Jumatano mimi na Bibi tunakwenda Mbeya kupimwa. Nimefikiria kunguruma kwa tumbo langu, ambako siku zote nimesema ni maharage, na nimeona nami sina uhakika wa kitu. Nikifika kwa yule daktari nitamwomba afungue faili lako, pale palipoandikwa hakuna, aandike Jeni.

Umeme umerudi, nasikia redio ya jirani, na watu wanaanza kusogea na ndoo zao. Mama yako amepita hapa, ameisoma barua hii kabla yako nikiwa nimesimama. Alisoma mpaka hapo nilipofikia, akalifunga daftari, akaniuliza kama nimekula. Baadaye akaniletea chai ya rangi, ameiweka juu ya mizani, pale alipowahi kuweka ile aproni. Nimeinywa yote.

Bibi anakuja stendi kesho kukuaga. Amekubangulia karanga, amezipeta mara mbili, amezikaanga kwenye sufuria mpya, akanipigia simu kuniuliza kama sufuria mpya inatosha au aoshe tena na mikono. Zipokee mbele za watu, ule moja hapo hapo, akuone.

Barua ya daktari nimeitoa chini ya gunia na kuiweka juu kabisa ya nguo zako. Hii yangu nitaiweka chini yake. Ukifungua begi usiku huu utaanza na hiyo, na ukiitoa safari hii, uitoe kumpa mtu.

Baba yako,
Yohana